Maharagwe au Nyanya za Kopo: Kipi Kina Lishe Zaidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu mwenye umri wa miaka kumi na minne amepimwa kliniki na kukutwa ana upungufu wa damu. Nyumbani tunakula maharagwe karibu kila siku, lakini mama mkwe anasisitiza kwamba nyanya za kopo, kwa jinsi zilivyo nyekundu, ndizo zinazoongeza damu. Naomba mnifahamishe kipi kina lishe zaidi.
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tunampa pole binti yako. Kwa kipimo cha lishe peke yake, maharagwe yako mbele kwa mbali. Gramu 100 za maharagwe mekundu yaliyochemshwa zina kilokalori zipatazo 127, protini karibu gramu 9 na madini ya chuma kati ya miligramu 2 na 3, pamoja na foleti ambayo mwili huihitaji katika kutengeneza damu. Nyanya za kopo za uzito huohuo zina takriban kilokalori 20, protini isiyofika gramu 1 na chuma karibu miligramu 1, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Wekundu wake hautokani na chuma bali na likopeni, rangi ya asili ya nyanya, ambayo ina manufaa yake lakini haitengenezi damu.

Hata hivyo, mama mkwe asipuuzwe. Chuma kinachotoka kwenye mimea hufyonzwa na mwili kwa shida, na maharagwe yenyewe yana fitati, kemikali inayokishika chuma hicho na kukizuia kisipite kwenye utumbo. Vitamini C hupunguza kizuizi hicho, mradi iliwe katika mlo uleule. Hapa maharagwe hayana kitu, kwani yana takriban miligramu 1 tu kwa gramu 100, ilhali nyanya za kopo zina miligramu 10 hivi. Kwa hiyo ukiviunga pamoja, binti yako atanufaika zaidi kuliko akila maharagwe matupu.

Jambo linaloharibu mapishi mengi ni mpangilio. Loweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji yake, maana hilo hupunguza fitati, kisha yachemshe mpaka yaive kabisa ndipo utie nyanya. Ukizitia mapema, asidi yake itayafanya maharagwe yachelewe kulainika, nayo vitamini C itapotea kwa kuchemka muda mrefu. Magadi, ambayo wengi huyatia ili kuokoa mkaa, huharibu vitamini B1, na kwa maoni yetu afadhali kuloweka. Onja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu makopo mengi huwa yametiwa chumvi kiwandani. Kama nyanya mbichi zinapatikana kwa bei nafuu, kachumbari pembeni ya sahani ni bora zaidi kwa vitamini C.

Chai ya rangi au ya maziwa isinywewe pamoja na mlo huo. Asubiri angalau saa moja, kwa kuwa tanini za chai nazo huzuia chuma. Na ikiwa kliniki imempa vidonge vya kuongeza damu, aendelee navyo mpaka atakapopimwa tena, kwa sababu maharagwe hayawezi kuchukua nafasi yake.