Rasimu Yako Ikifika kwa Mhakiki

Wadogo zangu mlioanza kukagua sacco mwaka huu, wiki hii nimesoma rasimu zenu tatu za ripoti. Moja, ukurasa wa 14, imebeba jina la sacco nyingine kabisa. Nawapenda, lakini hapo mliniudhi kwelikweli. Nyuma ya ukurasa huo kuna walimu na wauza maziwa wenye amana zao, na sisi ndio macho yao.

1. Kila namba iwe na chimbuko. Mhakiki, yule mkubwa anayepitia rasimu kabla haijatoka, hasomi ripoti kama gazeti. Anafuata namba moja moja mpaka kwenye karatasi za kazi, zile zenye ushahidi wa ukaguzi wetu, na isiyoonekana huko anaizungushia penseli. Andika rejea pembeni mapema.

2. Usijenge ripoti juu ya mgongo wa ripoti ya jana. Hili linaniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa pili nilichukua jedwali la Excel la sacco niliyotoka kukagua, nikafuta namba, nikajaza mpya. Mnazijua Kanuni za 2010 za sacco za Kenya zinazopokea amana: mtaji wa msingi, yaani hisa za wanachama pamoja na faida iliyolimbikizwa, usipungue shilingi milioni 10, wala asilimia 10 ya mali yote, wala asilimia 8 ya amana. Mtaji ulikuwa milioni 46, mali milioni 500, amana milioni 400. Ile fomula ya zamani ilikuwa imeshika mstari wa amana badala ya mali. Ikanipa 11.5, nikailinganisha na 10, nikafurahi.

Ningeishia hapo, lingekuwa kosa la mezani tu. Lakini kwenye kikao cha kufunga ukaguzi mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliniuliza, "Mtaji wetu vipi?" Nikamjibu uko salama, ilhali rasimu haijapitiwa na mtu yeyote. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Siku nane baadaye mhakiki wangu aliniita. Hakupandisha sauti. "Hii 11.5, umegawanya kwa namba gani?" Nilifungua seli mbele yake, na kabla sijasema neno nikaona mwenyewe. Milioni 46 kwa milioni 500 ni asilimia 9.2. Pengo la milioni 4. Alivuta kiti, tukakokotoa upya kila uwiano mpaka taa za ofisi zote zikazimwa isipokuwa yetu.

Kurudi kule ndiko kulikonichoma. Mwenyekiti aliisoma ile 9.2 mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, nimeshawaambia watu gawio ni zuri mwaka huu." Nilimwomba radhi mbele ya bodi nzima. Sehemu kubwa ya ile faida ikabidi ibaki ndani kuziba pengo, na ni yeye aliyesimama kuwaeleza wanachama, si mimi.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kufunga, semeni mlichokiona. Hukumu ya uwiano isubiri mhakiki. Na mkumbuke asilimia 8 zipo mbili: mtaji wa msingi kwa amana, na mtaji wa taasisi, yaani ule wa msingi ukitoa hisa za wanachama, kwa mali yote. Wanaozichanganya kila mwaka hawakosekani.

3. Mikopo ipimwe kwa tarehe moja na mizania. Mkopo uliochelewa kulipwa siku 31 hadi 180 utengee asilimia 25 ya salio lake kwa ajili ya hasara, 181 hadi 360 tenga 50, zaidi ya hapo 100. Mkopo wa siku 181 ukiuacha kwenye 25 umeificha hasara, hata kama hukukusudia.

4. "Bodi haijali" si hoja ya ukaguzi. Andika bodi ilikutana mara ngapi, kumbukumbu za vikao zinasema nini, kifungu gani kimevunjwa, na nani arekebishe kufikia tarehe gani. Meneja atabishana na hisia zako mpaka jioni. Kumbukumbu zenye sahihi yake mwenyewe hatazibishia.

Rasimu zenu ziko kwenye droo yangu ya juu, zimejaa penseli. Kesho saa mbili asubuhi njooni na karatasi za kazi, tuanze na ule ukurasa wa 14.