Muulize Bibi Shamba: Niue Minyoo Wote Shambani?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima nyanya hapa Ilula. Msimu huu zimedumaa, mchana zinanyauka, jioni zinajiinua. Nimeng'oa shina moja nikakuta mizizi imejaa mafundo. Muuza pembejeo kaniambia ni minyoo, kanipa dawa ya kumaliza kila mnyoo udongoni. Niimwage?
Mkulima, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hao ni minyoo fundo, jamii ya nematodi, yaani minyoo wadogo wasioonekana kwa macho. Kwa uhakika, jaribu kubandua fundo kwa ukucha. Vinundu vya maharage, vile vinavyorutubisha udongo, hubanduka upesi na ndani vina rangi ya waridi. Hilo lako halibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba. Jike kajichimbia humo, ananyonya na kutaga mayai kwa mamia.

Ila kumaliza kila mnyoo, hapana, nakusihi. Leo jioni tandaza konzi ya udongo juu ya karatasi laini ndani ya chujio, kisha liweke kwenye sahani ya maji, yaguse udongo kwa chini tu. Asubuhi peleka maji hayo kwa mwalimu wa bayolojia mwenye hadubini. Mimi mara ya kwanza nilishindwa kusema: tone moja, na ndani nyuzi angavu zinajipinda kama nyoka, nyingine nene, nyingine mkia umechongoka. Wenye mwiba kama sindano mdomoni ndio wa kutiliwa shaka. Waliobaki wengi wanakula bakteria, na kwa kula huko wanaachia nitrojeni ambayo nyanya zako zinaitumia. Wapo hata wanaowinda minyoo wenzao.

Mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa kwenye udongo wa juu duniani kuna nematodi kama bilioni 57 kwa kila binadamu. Aina zilizokwisha kupewa majina zinapita 25,000, na Afrika Kusini wamekutwa hata kwenye maji ya migodi ya dhahabu, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Utamwaga dawa ngapi?

Ng'oa mashina yote na mizizi yake, uchome. Hapo usirudishe nyanya, bilinganya wala viazi. Panda marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, msimu mzima, kisha uilaze udongoni pamoja na samadi iliyoiva. Ukirudi kwenye nyanya, tafuta mbegu inayostahimili minyoo fundo, kitalu ukiweke mbali na shamba hilo. Na jembe lioshwe kabla halijavuka mpaka kwenda kwa jirani.