Kabla Fundi Hajapanda Ngazi: Ushauri kwa Wenye Nyumba Wanaoishi na Teleka Lamu

Kama una nyumba ya mawe Lamu na chini ya paa lako wanaishi ndege waitwao teleka, wataje siku mnapopatana bei na fundi. Usingoje siku ambayo ngazi imeshasimamishwa na karai la saruji liko tayari. Fundi akishapanda amepanda: vibarua wanamsubiri, siku inakwenda, na wewe mwenye nyumba pengine uko Mombasa unazungumza naye kwa simu. Hapo hata fundi muungwana kabisa ataziba kila mwanya anaouona, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa.

Nimesimamia matengenezo ya nyumba za jamaa zangu, mitaa ya Mkomani na Langoni hapa Lamu, kwa miaka mingi. Karibu viota vyote nilivyoona vikitoweka havikuondolewa kwa chuki. Sijakutana na mtu wa Lamu aliyeniambia anawachukia ndege hawa. Vilitoweka kwa sababu hakuna aliyevitaja wakati wa kupatana.

Ndege ninayemsema ni teleka mdogo, yule mweusi mwenye weupe kooni na kiunoni, mkia mfupi uliokatika sawasawa, na mabawa membamba yaliyopinda kama mundu. Watu wengi humchanganya na mbayuwayu. Mbayuwayu utamwona ametulia juu ya waya wa umeme. Teleka hutamwona hapo kamwe, kwani miguu yake ni mifupi mno na vidole vyake vimeumbwa kwa kung'ang'ania ukuta. Hula angani, hunywa akiruka, na hata manyoya na nyasi za kujengea huyadaka yakipeperushwa na upepo. Jamaa yake wa Ulaya amepita mpaka: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walitangaza kwamba baadhi yao hukaa hewani miezi 10 bila kutua, tangu wanapoondoka kwenye viota hadi wanaporudi kutaga tena. Ndege hao hupita anga la Kenya wanapokuja Afrika na wanaporudi kwao.

Teleka wetu mdogo hasafiri namna hiyo. Yeye ni mwenyeji. Anajenga mahali ukuta unapokutana na paa, au chini ya dari ya roshani, au pale boriti za mkoko zinapoingia kwenye jiwe. Hugandisha manyoya na nyasi kwa mate yake mwenyewe hadi vikashikana, na viota hupangana kimoja ubavuni mwa kingine. Kiota hicho hakitumiki kwa kutaga tu. Hulala humo usiku hata wakati hana yai wala kinda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hakuna mwezi ambao unaweza kusema, "Haya sasa ni matakataka, yang'olewe." Kiota kinachoonekana kikuukuu mchana, jioni kina wenyewe.

Sasa ngoja niseme kinachowaponza zaidi hapa kwetu. Ni saruji. Nyumba zetu zimejengwa kwa jiwe la matumbawe, chokaa na boriti, na kuta za namna hiyo hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani ya jiwe, lipu ikaanza kuvimba na kubanduka, na boriti zikaoza vichwani pale zilipolazwa ukutani. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza saruji nyingine juu, na kila anapoongeza anaziba na ile mianya midogo iliyokuwa imebaki. Kwa hiyo ninaposhauri watu warudi kwenye chokaa, nawatetea ndege, lakini naitetea nyumba kwanza. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya kuta hizi hizi, na teleka wamo ndani yake kama boriti zilivyomo.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Langoni baada ya kazi kwisha. Ukuta ulikuwa mweupe, safi, umenyooka. Juu yake teleka walikuwa wanazunguka, wanaujia ukuta kwa kasi, wanagusa pale palipokuwa na mwanya, wanaanguka nyuma, wanarudi tena. Mlio wao ule mwembamba ulikuwa haukatiki. Tuliposogeza sikio karibu na lipu tulisikia makinda ndani. Fundi mwenyewe ndiye aliyechukua patasi akafungua, mikono ikimtetemeka. Baadhi yalikuwa hai. Tangu siku ile fundi huyo hapandi ngazi kabla hajauliza.

Namna ya kufanya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Wiki moja au mbili kabla ya kazi, kaa barazani au juu darini, yaani kwenye paa bapa la nyumba, jua likikaribia kuchwa, uangalie ukuta wako. Teleka hukusanyika, huzunguka kwa makelele, kisha huingia mmoja mmoja kwa haraka. Ukipepesa macho umewakosa. Tia alama ya chaki ukutani chini ya kila mahali wanapoingia, upige picha, na picha hiyo mpe fundi mkononi. Angalia asubuhi pia. Ukiona ndege anaingia na kutoka mara kwa mara mchana kutwa, koo limetuna, huyo analisha. Teleka hukusanya wadudu kooni, huwashikamanisha kwa mate wakawa donge, na donge moja huweza kuwa na wadudu mamia: inzi, mbu, kumbikumbi wa baada ya mvua.

Hutaga mayai 2 au 3. Kuatamia huchukua kama wiki 3, na makinda hukaa kiotani zaidi ya mwezi. Kwa hiyo ukikuta mayai mapya, upande huo wa ukuta uupe miezi 2 hivi. Usiusimamishe mradi mzima. Mwambie fundi aanze na kiwanda (ua) cha ndani, na vyumba, na ngazi, na choo, ndipo amalizie na upande ule. Sijaona nyumba ambayo kazi ilishindikana kwa kupangwa hivi. Fundi hulalamika siku ya kwanza, kisha huzoea. Wengi wetu hutengeneza kati ya Januari na Machi, kabla ya masika, na huo ni wakati mzuri kwa kuwa ndege hawa hupenda kutaga mvua zinapoleta wadudu. Lakini usiitegemee kalenda peke yake. Tegemea macho yako.

Ukifika kwenye kona yenyewe ya paa, iache ilivyo. Usiipake rangi ya mafuta, maana kiota hakishiki juu ya kitu kinachoteleza. Usitandike wavu wa kuku chini yake. Nimeona wavu uliowafungia ndege ndani wakafa wamening'inia, na sitaki mtu mwingine aone jambo hilo kwake. Kama kweli huna budi kuziba upande mmoja kwa sababu ya panya au maji, basi upande wa pili uache wazi, na uuache wazi kabla hujaziba wa kwanza, wapate kuuzoea. Na mbele ya viota pawe peupe. Teleka anapotoka hujiangusha kwanza ndipo akapata upepo, kwa hiyo kamba za nguo, turubai na waya zikipita hapo chini zinamzuia.

Najua malalamiko, na mengine ni ya haki. Kinyesi kinachafua ukuta na baraza, na wageni wanakuja. Pigilia kibao chembamba ukutani, hatua moja chini ya viota, upana wake kama shubiri na nusu. Kinyesi kitaanguka hapo. Kibao kikijaa, kimwagie maji kwanza ndipo ukikwangue, na ufunge kitambaa puani, kwa sababu kinyesi kikavu cha ndege yeyote kikipeperuka si kizuri kwa kifua. Kama maji ya mvua kutoka kwenye paa lako yanaingia kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, safisha mifereji kabla ya mvua za kwanza na uyaache yale maji ya mwanzo yapite nje. Hilo ungepaswa kulifanya hata kama hapangekuwa na ndege hata mmoja.

Kwenye misikiti na nyumba za wakfu, zungumza na kamati mapema, na uzungumze kwa adabu. Mimi hupeleka mambo mawili. La kwanza ni kile kisa tulichofunzwa chuoni tangu udogo, cha ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. La pili ni picha za Istanbul. Waturuki wa enzi za Uthmaniya walikuwa wakijenga nyumba ndogo za ndege kwenye kuta za misikiti yao, zimechongwa kwa mawe, zina mapaa na minara yake. Mojawapo ya misikiti inayojulikana kwa hizo ni Ayazma, kule Üsküdar, uliojengwa karne ya 18. Wazee wakiona msikiti umejengwa na makao ya ndege tangu mwanzo, mazungumzo huwa mepesi.

Na mara nyingi mtetezi umeshampata mtaani kwako bila kujua. Jirani yetu mmoja, bibi wa umri mkubwa, alipoona mafundi wanatega ngazi kwenye ukuta tunaopakana, alitoka hadi mlangoni akamwambia kijana wa juu: "Mwanangu, waate nyuni. Wako hapa tangu mimi mwari." Yaani, waache ndege, wako hapa tangu mimi msichana. Kijana akashuka. Hakuna ofisi iliyohitajika.

Ofisi nazo zina nafasi yake, lakini. Ndani ya mji wa kale huwezi kubadilisha nyumba bila idhini, na michoro yako itapita mikononi mwa wahifadhi wa mji. Waonyeshe viota humo humo kwenye mchoro, uandike "mwanya usizibwe." Kilichoandikwa kwenye mchoro fundi hukiheshimu kuliko kilichosemwa.

Kwa wenye mapaa ya makuti na mashamba ya minazi, Shela, Matondoni na kwingineko: kuna teleka mwingine, mwembamba, wa rangi ya majivu, mkia mrefu uliogawanyika. Huyo huishi kwenye minazi. Hugandisha kiota chake kidogo upande wa chini wa jani linaloning'inia, kisha hugandisha na mayai yenyewe kwa mate yasianguke upepo unapolipiga jani. Mkwezi akikata makuti makavu yote kwa mpigo, anashuka nayo. Mwombe abakishe machache kila mnazi.

Kunguru nao ni tatizo kubwa pwani nzima. Kunguru huyu wa Bara Hindi si wa kwetu, na huiba mayai na makinda ya ndege wadogo kila anapoyafikia. Kinachomleta ni taka. Mtaa unaofunika mapipa yake na kutomwaga vichwa vya samaki ovyo huwa na kunguru wachache.

Ukimwokota teleka chini, usimrushe hewani. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, na ndege huanguka akavunjika. Mchukue kwa kitambaa kabla paka hajamwona, na Lamu paka huwa karibu siku zote. Atakushika kwa kucha, ni kali kuliko unavyotarajia, na mabawa yakifungwa hupishana juu ya mkia. Pengine utaona inzi bapa akikimbia upande upande ndani ya manyoya. Usishtuke, huyo ni inzi anayeishi kwa teleka, hana haja nawe. Mtie kwenye boksi lenye matundu, na kitambaa chini, mahali penye kivuli na utulivu. Usimpe mkate wala wali, na usimmiminie maji mdomoni. Akitulia, mpeleke mahali pa wazi, juu darini au ufukweni, umweke kwenye kiganja kilichonyooka na kuinuliwa, usubiri. Akiwa mzima ataanza kutetema mabawa, kisha ataondoka mwenyewe. Asipoondoka, mrudishe kwenye boksi ujaribu tena baadaye. Kama ni kinda ambalo manyoya ya mabawa bado hayajakamilika, tafuta kiota alikotoka na umrudishe; hakuna chakula cha nyumbani kitakachomfaa.

Teleka mdogo hayuko hatarini duniani. Yuko sehemu nyingi za Afrika na Asia. Wapo wanaoniuliza basi kelele za nini. Jibu langu ni Uingereza. Kule nako teleka wa Ulaya walikuwa ndege wa kila mji, watu wakaziba mapaa yao nyumba kwa nyumba, na mwaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu, yaani ya walio hatarini zaidi, ya ndege wa nchi hiyo. Kuzibiwa viota ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Sasa wananunua matofali maalumu yenye tundu, wanayajengea ukutani, na wanangoja ndege warudi. Sisi matundu tunayo bure, na ndege wamo.

Kwa hiyo jioni yoyote wiki hii, pita uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, tazama juu, kisha uwafuate kwa macho uone wanaingia nyumba gani. Andika mtaa, mwezi, na mahali walipoingia. Kama una simu, mradi wa Kenya Bird Map hupokea taarifa za ndege kutoka kwa mtu yeyote. Na nyumba hiyo ikiwa ni ya mtu unayemfahamu, mbishie hodi umuulize anatengeneza lini.