Kiuno bado kinauma miezi saba baada ya ajali: nifanye nini?

Swali: Mimi ni mkulima wa mwani, naishi Jambiani. Miezi saba iliyopita gari ya abiria niliyopanda iligongwa kwa nyuma. Eksirei haikuonesha mvunjiko, lakini kiuno kinauma hadi leo, hasa nikiinama au nikikaa kitako muda mrefu, na kila siku nameza diklofenaki, dawa ya maumivu. Bamvua ikifika, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa sana, hufunga mwani kwenye kamba mpaka maji yanajaa, kisha hulala siku tatu. Je, kuna kitu kimeharibika ambacho hakikuonekana?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Kwanza nataka uwe na uhakika wa jambo moja. Ukiona ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo au choo kinakutoka bila kujua, mkojo umeziba, au miguu inalegea, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Homa, kupungua mwili bila sababu na maumivu yasiyotulia hata ukilala pia yanahitaji daktari mapema.

Ikiwa huna dalili hizo, ninachokiona katika maelezo yako ni jambo linalorekebishika. Eksirei huonesha mifupa. Haioneshi vizuri misuli, kano wala diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo. Hata hivyo, kufikia mwezi wa saba majeraha mengi ya sehemu hizo huwa yamekwishapona, ila neva hubaki nyepesi kuamsha maumivu. Maumivu yako ni ya kweli kabisa, lakini kuuma si ushahidi kwamba kiuno kinazidi kuharibika.

Kinachoyaendeleza, kwa maoni yangu, ni huko kufanya kazi kupita kiasi wakati wa bamvua na kulala baada yake, kwa sababu misuli hudhoofika siku za kulala, kisha bamvua ijayo hubebeshwa mzigo isioumudu. Kwa hiyo kazi ipimwe kwa saa, isipimwe kwa maumivu. Chagua muda unaoweza kuumaliza hata siku mbaya, tuseme dakika 20: funga mwani, kisha simama wima, tembea mchangani dakika 5, ndipo urudi. Muda ukifika simama hata kama kiuno hakiumi, maana wagonjwa wangu wengi hujiumiza siku wanayojisikia vizuri. Bamvua inayofuata ongeza dakika 5. Maumivu yakizidi kidogo na kutulia kufikia asubuhi, baki na kiasi kilekile. Yakiendelea siku ya pili, punguza. Mwani mbichi ni mzito, hivyo gunia moja ligawe mara tatu.

Siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa sana na huendi kwenye mwani, usilale mchana kutwa. Tembea dakika 15 asubuhi na jioni, kisha lala chali mkekani, kunja magoti, nyanyua nyonga polepole mara 10. Rukuu na sijda zikikushinda kwa sasa, sali kwenye kiti, na kila baada ya siku chache jaribu rakaa moja ya sunna chini.

Diklofenaki ya kila siku kwa miezi inanitia wasiwasi, kwani huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo. Mwone daktari wiki hii akupangie namna ya kuiacha, apime presha na figo, na umwombe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo ili akuone unavyoinama.