Kamera ya tundu moja la kadi kwa kazi ya harusi? Mkuu, usitoe hiyo hela

Mkuu, salamu baadaye. Umeandika kwamba una milioni nne na nusu, unataka kuanza kushuti harusi na sendofu hapa Dar, na muuzaji wa Kariakoo kakwambia uchukue kamera ya picha yenye 4K (ubora wa video ulio juu ya Full HD) kwa sababu "inamaliza kila kitu", halafu anakuongezea kadi ya GB 256 bure. Ukaomba tukushauri pia lenzi, maiki na kompyuta ya kuhariria. Hiyo kadi ya bure ndiyo iliyonishtua.

Mimi niliuziwa maneno hayo hayo. "Bosi, hii ni 4K, wateja watakutafuta wenyewe." Kamera yenyewe sina ugomvi nayo, kwa picha za mnato inapiga vizuri mno. Lakini ilikuwa na tundu moja la kadi, na kadi ikatoka kwa mtu huyo huyo.

Kazi ilikuwa sendofu ya Wachaga, ukumbi wa Sinza, familia kubwa. Bibi mzaa mama aliletwa kutoka Rombo kuja kumuaga mjukuu wake. Akasimama, akashikwa mkono na wajukuu wawili, akabariki kwa Kirombo, ukumbi mzima ukanyamaza mpaka MC akaacha maneno yake. Mimi nipo mbele yake, alama nyekundu inawaka, saa inahesabu, kamera inaniambia nafasi bado tele. Nyumbani nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Binti kuingia, ipo. Keki ipo. Kuanzia ndafu (yule mbuzi mzima wa kuchoma) kwenda mbele, majina ya faili yapo, ukubwa unaonekana kabisa, ukifungua ni giza.

Nikampelekea fundi wa kurejesha data. Akaniambia hakuna cha kurejesha, kwa sababu hakikuwahi kuandikwa. Kadi feki inakuwa na chipu ndogo ndani, ila imepangwa iidanganye kamera kwamba ni kubwa. Ikishajaa ukubwa wake halisi, inaendelea kupokea kana kwamba inaandika, kumbe inamwaga chini au inafuta ya nyuma. Kamera haina njia ya kujua. Na asije mtu hapa kuniambia ningekuwa makini: pakiti ilikuwa imefungwa na hologramu inang'aa kuliko noti ya elfu kumi.

Hela nilirudisha yote. Hiyo haikuniuma sana. Kilichoniuma ni mama wa binti kunipigia simu, hagombi, ananiuliza polepole, "Hata sauti yake tu, mwanangu?"

Nikarudi dukani. Yule bwana akanijibu kwamba kadi hazina garantii na labda niliifomati vibaya. Anajua anachokiuza! Anawauzia vijana wanaoanza, maana wazoefu hawamsogelei, na kijana akiharibu kazi anajilaumu mwenyewe na kuacha fani. Watu wa namna hiyo wananikera kuliko wezi wa betri ukumbini.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote yatafuata: kazi ya mtu isiyorudiwa, usiishuti kwa kadi moja. Kamera iandike kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Na hapo usidanganywe tena, kwa sababu kuwa na matundu mawili hakutoshi. Canon 5D Mark III inayo mawili, la kadi ya CF na la kadi ya SD, lakini video inaandika kwenye moja tu. Panasonic GH5 inaandika zote mbili kwa pamoja. Sony HXR-NX100, ile ya video kabisa, nayo inaandika zote mbili, na ina matundu ya XLR ya kuchukua sauti moja kwa moja kwa fundi mitambo. Hiyo inaishia Full HD, haina 4K, na kwa harusi ningeichukua bila kufikiria mara mbili. Ila ingia kwenye menyu uhakikishe, maana kuna mpangilio ambao kadi ya pili inasubiri ya kwanza ijae. Huo siyo ulinzi.

Kuhusu hiyo 4K, piga hesabu. 4K inayoandikwa kwa megabiti 100 kila sekunde inakula GB 45 kwa saa. Shughuli ya saa sita ni GB 270, na ukiandika mara mbili unahitaji kadi za hela gani? Full HD ya megabiti 50 ni nusu ya hapo, na mteja ataangalia kwenye simu na kwenye TV ya sebuleni. Tena kamera nyingi za picha, hasa za zamani kidogo, zinajikata zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, mtindo ulioanzia kwenye ushuru wa forodha wa Ulaya kwa kamera za video. Padri hatakusubiri ubonyeze upya.

Kadi nunua kwa wakala anayetoa risiti. Alama ya V30 inatosha, maana yake inaandika angalau megabaiti 30 kila sekunde na hata 4K ya megabiti 100 inahitaji kama megabaiti 13 tu (megabaiti moja ni megabiti nane). Ile namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni kasi ya kusoma, achana nayo. Kabla ya kazi yoyote, ijaze mpaka mwisho kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Mac au Linux, kisha iache isome ilichoandika. Inakula masaa. Iache usiku kucha. Kadi feki haipiti hapo.

Weka hapa modeli aliyokuandikia kwenye profoma kabla hujalipa. Nitakwambia kama inaandika kadi mbili kwa pamoja au la, na hiyo kadi ya bure mwachie.