Ondoa Kwanza Kisichosogea: Kwa Wanaoanza Kusawazisha Kamera za Nyuzi za Kioo

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii hukimbilia programu ya kuunganisha fremu ndogo ziwe picha moja pana. Picha pana ikitoka imevurugika, wanabadilisha mbinu ya kulinganisha, wanabadilisha tena, wiki inakatika. Mara nyingi programu haina kosa. Fremu zenyewe zimeingia chafu.

Kifungu cha nyuzi cha hadubini ya ndani ya mwili huwa na viini, yaani njia nyembamba za mwanga, kama 30,000, na kila kiini kinabeba nukta moja tu ya picha. Kati ya kiini na kiini kuna ganda lisilobeba picha, ndiyo maana fremu ghafi ina alama za sega. Sega hilo limo ndani ya kifungu, si kwenye tishu. Ukisogeza ncha ya kifungu, tishu inapita lakini sega limeganda palepale, kama wavu wa dirisha la gari linalokwenda. Programu ikiulizwa fremu zimesogea kiasi gani, italiona sega kwanza na kukujibu: sifuri.

Kwa hiyo muda wako mwingi uende hapa. Zima kila ambacho kamera hujiamulia: muda wa kupokea mwanga, gama (jinsi inavyopinda viwango vya mwangaza), mizani ya rangi. Piga fremu za usuli, ncha ikitazama gizani na taa ikiwa inawaka. Usiizime, kwani nyuso za kioo hurudisha mwanga na nyuzi zenyewe huweza kung'aa kidogo, na hicho ndicho unachotaka kukiondoa. Halafu ncha itazame kitu chenye mwangaza sawa kila mahali. Kwa kazi ya fluoresensi, yaani rangi inayong'aa ikimulikwa, myeyusho hafifu wa rangi unafaa. Kiini king'avu kuliko vyote kisifike ukomo wa sensa. Mimi hukiacha karibu robo tatu. Piga fremu nyingi, chukua wastani: hiyo ndiyo fremu sawa.

Sasa kila kiini kina hesabu yake: thamani iliyosomwa, toa usuli, kisha gawa kwa tofauti kati ya fremu sawa na usuli. Soma kwenye viini tu, na mapengo yajazwe kwa pembetatu zinazounganisha viini jirani. Viini vilivyokufa, visivyopitisha mwanga, viwekee alama, uviache nje ya hesabu. Kuna wanaotia ukungu juu ya fremu nzima sega likapotea machoni. Sega linapotea kweli, lakini tofauti ya mwangaza kati ya kiini na kiini inabaki, na hiyo nayo haisogei.

Utajuaje umemaliza? Chukua fremu mbili za sampuli inayosogea, utazame ramani ya ulinganifu wake, inayoonyesha zinafanana kiasi gani kwa kila msogeo. Kilele kikijitokeza pia pale pa sifuri, bado una sega, au vumbi kwenye uso wa kifungu upande wa kamera. Na ukikifungua kiungio cha kamera, hata dakika moja, ramani ya viini, yaani kila kiini kinaangukia wapi kwenye sensa, imekufa. Anza upya.

Lenzi haina maneno mengi: kibao cha gridi, pima mpindo, pata mikromita kwa pikseli.

Mwendo je? Tuseme uga, upana unaoonekana, ni mikromita 240, fremu 12 kwa sekunde: ukisogea milimita 1 kwa sekunde, kila fremu inahama mikromita 83, na karibu theluthi mbili ya kila fremu inapandana na iliyotangulia. Ukienda milimita 3, hazigusani kabisa, na hakuna programu itakayokuokoa.

Jaribio la mwisho ni jukwaa la mota, linalosogeza sampuli. Liendeshe kwa njia ya mraba lirudi lilipoanzia. Pengo kati ya fremu ya kwanza na ya mwisho ni makosa yaliyojilimbikiza njiani. Ila mraba hauonyeshi kosa la kipimo cha mikromita kwa pikseli, maana kosa la kwenda hufutwa na la kurudi. Hilo lipime kwa mstari mmoja mnyoofu, ulinganishe urefu wa picha na umbali ambao jukwaa limetembea.