Wastaafu wawili, nchi nne, kiangazi kimoja Ulaya: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Swali lako nimelisoma vizuri: wewe una miaka 64, mzee wako 68, mtoto wenu yuko kusini mwa Ujerumani. Mnataka kuondoka Dar tarehe 1 Juni na kurudi 31 Agosti, mpite Ujerumani, Austria, Uswisi na Italia, na hamtaki safari ya kushinda ndani ya basi mkipiga picha dirishani. Mnataka kutembea kwa miguu, na ikiwezekana mpande milima. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzee wangu alikuwa mpima ardhi, binti yetu anaishi huko huko kusini, na hizi safari tunazifanya. Kwa hiyo nitakujibu kwa yale tunayoyajua.

Nimeona pia ushauri wa waliotangulia, hasa ndugu yetu aliyekupangia nchi 7 kwa wiki 3. Huyo ni kijana, magoti yake bado yako ndani ya waranti. Msimfuate.

Kabla ya yote, hesabuni siku. Juni ina 30, Julai 31, Agosti 31, jumla 92. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mwisho wake ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Mmeshazidi siku 2 kabla hamjafunga hata mabegi. Nchi zenu zote nne zimo Schengen, Uswisi ikiwemo ingawa haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kuvuka kutoka moja kwenda nyingine hakuanzishi hesabu upya. Tena 90 ndiyo kikomo tu. Siku mlizopewa hasa ni zile zilizoandikwa kwenye viza, na ubalozi unaweza kuwapa pungufu. Zamani askari wa mpakani alipindua kurasa akitafuta mihuri. Tangu Oktoba 2025 wameanza kutumia mfumo wa kompyuta unaochukua sura na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe, kwa hiyo hakuna cha "sikujua". Kwa maoni yangu ingieni baada ya tarehe 5 Juni, mtoke kabla ya 25 Agosti. Zitabaki siku kadhaa za akiba iwapo ndege itafutwa au mtu ataugua.

Sasa njia yenyewe. Watu wa rika letu wakisema "nchi nne" huwa wanapanga hoteli nne, tano, kumi. Ninachowashauri ni kinyume chake: tafuteni mahali pamoja pa kuishi muda mrefu, na hizo nchi mzitembelee kutokea hapo. Na kwa nchi mlizozitaja pako mahali panapofaa hasa, Ziwa Konstanz, ambalo Wajerumani wanaliita Bodensee. Ujerumani, Austria na Uswisi zote zinaligusa. Kwetu sisi tuliozoea Victoria lile ni bwawa, lina urefu wa kilomita 63 hivi, lakini ndiyo raha yake. Unakaa Lindau upande wa Ujerumani, unapanda treni, dakika chache uko Bregenz, Austria. Kutoka Bregenz hadi St. Gallen ya Uswisi ni chini ya saa moja. Ukitaka nchi ya tano ya kuwasimulia wajukuu, unashuka Feldkirch unachukua basi hadi Liechtenstein, mnakunywa kahawa mnarudi kulala kwenu. Konstanz na Kreuzlingen ndiyo miji iliyoshikana kabisa, mmoja Ujerumani na mwingine Uswisi, watu wanavuka kwenda sokoni.

Mkishakuwa na makao, mambo mengi yanajipanga. Viza inaombwa kwenye ubalozi wa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Mkigawa siku sawasawa inakuwa nchi mtakayoingia kwanza, na hapo ndipo watu wanapojichanganya na kurudishwa. Ninyi mkilala zaidi Ujerumani, mnakwenda ubalozi wa Ujerumani Dar, basi. Mtoto wenu aende ofisi ya wageni ya mji wake akaombe hati ya udhamini, inaitwa Verpflichtungserklärung, ambamo anakubali kubeba gharama zenu. Hati hiyo inaonyesha kwamba gharama zina mbebaji; taarifa za pensheni na hati ya nyumba au shamba ndizo zinazoonyesha kwamba mna cha kurudia. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata mkinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hiyo ya siku 15 isahauni. Miadi ya kiangazi hujaa, kwa hiyo Januari au Februari muwe tayari mnatafuta tarehe.

Bima mtaambiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Hapo nisikilize kama muuguzi, maana bima inayotosha ubalozi na bima inayowatosha ninyi ni vitu viwili. Soma maandishi madogo uone mambo matatu. Kwanza umri: kampuni nyingi hupandisha bei au hukataa mtu akifika umri fulani, na mzee wako wa miaka 68 yuko karibu na mpaka huo. Pili, maradhi mliyonayo tayari. Kama ana presha na karatasi inasema maradhi ya awali hayamo, basi siku presha ikipanda mko peke yenu. Tatu, uokoaji wa milimani. Helikopta ya uokoaji kwenye milima ya Alps si ya bure, na bima nyingi za bei rahisi hazigusi kitu kinachoitwa kupanda mlima, hata kama mlichofanya ni kutembea kwenye njia iliyochongwa na kuteguka kifundo cha mguu.

Mpangilio wa miezi uamuliwe na joto. Watu wetu wanacheka nikisema hivi. Mtu wa Tanga utamtishaje kwa nyuzi 35? Lakini nyumba zetu zinapitisha upepo, za kwao zimejengwa kushika joto, na vyumba vingi havina kiyoyozi. Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa peke yake, na wengi walikuwa wazee ndani ya nyumba zao. Umri wetu huu kiu inachelewa kuja, na dawa za kupunguza maji mwilini zinaongeza shida. Kwa hiyo Italia nendeni mapema, Juni hiyo hiyo: treni kutoka Bregenz inapita handaki la Arlberg hadi Innsbruck, mnalala, kesho yake mnavuka Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, kwenda Bolzano au mnateremka hadi Verona. Siku kumi zinatosha. Msiende Italia katikati ya Agosti. Tarehe 15 ni sikukuu yao kubwa, wenyewe wamekimbilia pwani, nusu ya maduka yamefungwa, na jua linachoma mawe. Julai na Agosti kaeni ziwani na milimani. Inaendana pia na theluji, maana njia za juu huweza kuwa na theluji mpaka mwisho wa Juni.

Kutembea sasa. Anzeni na Pfänder, mlima ulio juu ya Bregenz wenye mita 1,064. Mji uko kama mita 400, kwa hiyo ni kupanda mita 660 hivi, msitu mwingi, kivuli cha kutosha. Wengi wanapanda kwa gari la kamba, aina ile ambayo wapagazi wetu waliipigia kelele ilipopendekezwa kwa Kilimanjaro, kisha wanashuka kwa miguu wakiona wamepumzika. Sisi tunafanya kinyume. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi inarudi. Kushuka ndiko kunakosaga magoti. Mara ya kwanza kibao kilituambia saa mbili, tukatumia karibu tatu, na tulipofika tulikaa kwenye benchi tukala mayai ya kuchemsha na mkate huku ziwa zima liko chini yetu, mzee wangu akionyesha kwa fimbo, "ile Uswisi, ile Ujerumani, hapa Austria," kama anayegawa viwanja. Karibu na hapo kuna bustani ya wanyama ya bure yenye mbuzi mwitu wa Alps, na wale wanyama wanene wa mashimoni wanaopiga mluzi wakiona mtu. Kushuka kwa kamba ni dakika kama sita.

Jifunzeni kusoma vibao. Uswisi kibao cha njano kitupu ni njia ya kawaida, mtu mwenye viatu vizuri anapita. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, ina mawe na miteremko. Nyeupe-bluu-nyeupe waachieni wenyewe. Muda ulioandikwa hauhesabu mapumziko, kwa hiyo ongezeni nusu yake. Tokeni asubuhi, alasiri za Julai na Agosti radi hupiga ghafla huko juu. Vaeni suruali ndefu na jioni mkaguane miili, nyuma ya magoti na kwapani, kwa sababu kupe wa huko wanaambukiza maradhi ya ubongo. Namba ya dharura nchi zote ni 112.

Asiyetaka mlima apande baiskeli. Njia ya kuzunguka ziwa ni kilomita 260 hivi, sehemu kubwa tambarare, na baiskeli za umeme zinakodishwa. Hakuna sheria kwamba lazima uizunguke yote. Mnaendesha hadi mji unaofuata, mnarudi na meli.

Dawa: chukueni za safari nzima na wiki mbili za ziada, zote kwenye begi la mkononi, kwenye maboksi yake. Daktari aandike barua kwa Kiingereza yenye jina la dawa yenyewe, kama amlodipine au metformin, maana jina la kiwanda la Dar mfamasia wa Lindau hatalijua. Kwa anayechoma insulini, marufuku kuiweka kwenye begi la chini la ndege, inaweza kuganda. Saa hazitawasumbua. Kiangazi tunapishana nao saa moja tu, kidonge cha saa mbili asubuhi kinabaki pale pale. Kinachosumbua ni jua. Juni linazama saa tatu usiku na ushei, na kwa sisi Waislamu Isha inasogea hadi karibu na saa sita. Laleni mchana kidogo, wala msione aibu.

Treni. Mkiishi Ujerumani, mtoto awanunulie ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, euro 63 tangu Januari 2026. Inapanda treni zote za mikoani na mabasi ya mijini, hairuhusu treni za mwendo kasi. Ni usajili unaojirudia kila mwezi, kwa hiyo auvunje kabla ya tarehe 10 ya mwezi wa mwisho, la sivyo anaendelea kukatwa wakati ninyi mko Dar mnakula pilau. Kwa safari ndefu msikubali tiketi yenye dakika saba za kubadilisha treni. Kijana anakimbia, sisi tuna ngazi, begi na kumtafuta mwenzako aliyekwenda msalani. Treni ikiwachelewesha saa moja au zaidi, kwa sheria za Umoja wa Ulaya kawaida mnadai robo ya nauli, saa mbili nusu yake. Dai, ni haki yako.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu ziwa lile: laini ya simu ya Ujerumani inafanya kazi Austria na Italia bila kuongeza pesa, lakini Uswisi haimo kwenye huo mpango. Na mnara wa Uswisi haujui mpaka. Mzee wangu amekaa ufukweni upande wa Ujerumani anaongea na ndugu yake wa Korogwe kwa picha, simu ikadaka mnara wa ng'ambo, salio likayeyuka. Ingieni kwenye mipangilio, mzime mtandao wa ugenini (roaming) mkiwa karibu na maji.

Mwisho, kwa kuwa najua begi lako moja litakuwa la chakula cha mtoto. Nyama, maziwa na vyote vitokanavyo haviingii Umoja wa Ulaya, kwa hiyo samli acha. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yako. Matunda mengi mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: nazi, ndizi, tende, nanasi na durian yanapita. Embe na parachichi utanyang'anywa mbele ya watu. Unga wa muhogo, mchele wa Kyela na viungo vikavu tumebeba bila shida, mradi vimefungwa dukani na vina maandishi.

Ukipata tarehe ya miadi ubalozini rudi hapa uitaje, na useme mtoto yuko mji gani hasa. Kama ni mbali na ziwa, mathalani kaskazini ya Stuttgart, nitakupa njia nyingine kwa Austria, kwa sababu kurudi kulala kwake kila siku hakutawezekana.